Kabati la vioo lililoozesha majarida: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja Soweto, Moshi

Mwishoni mwa Mei, masika yakielekea kukatika, mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia anayeishi Soweto, Moshi, alifungua kabati lake jipya ili amwonyeshe mgeni ramani ya sakafu ya Bahari ya Hindi iliyotoka na jarida la National Geographic la Oktoba 1967. Toleo halikuchomoka. Alipovuta kwa nguvu, jalada la nyuma lilibaki limeng'ang'ania jirani yake, na harufu ya kuvu ikajaa sebule. Mgeni alipewa soda. Ramani haikuonekana siku ile.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu kinakwenda kinyume na matarajio. Majarida yaliyotunzwa kwa heshima, ndani ya kabati la vioo lililochongwa kwa ajili yake, ndiyo yaliyoharibika zaidi. Yale yaliyosahaulika stoo, ndani ya maboksi ya mafuta ya kula juu ya kitanda kibovu cha chuma, yalitoka salama karibu yote. Familia ilikwishahukumu kwamba tatizo ni wadudu, na Mama alikuwa ameshanunua pakiti tatu za naftalini. Wadudu walikuwepo, lakini hawakuwa chanzo.

Mkusanyiko wenyewe

Hesabu kamili ilitoa nakala 612. National Geographic 214, nyingi za miaka ya 1970 na 1980. Reader's Digest 131. Fema na Si Mchezo! 84, zile zilizokuwa zikigawiwa bure. Sani 58, Drum 47, Nchi Yetu 39, na mchanganyiko wa 34 wa kilimo, dini na siasa. Kisha, ndani ya tranka la bati la enzi za bwenini, nakala mbili za Mambo Leo, jarida lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, na karatasi tatu za Komkya, gazeti la Wachagga la miaka ya 1950.

Kabatini ziliwekwa National Geographic, Drum, Nchi Yetu na Sani, jumla 358. Zilizobaki zilikaa stoo.

Hapa tayari pana jambo la kusema. Mwenye mali huonyesha kile kinachong'aa. National Geographic ina mpaka wa njano uliodumu tangu 1910, na mistari ya migongo yake ikipangwa pamoja hupendeza sebuleni kuliko kitu chochote cha bei hiyo. Lakini jarida hilo lilichapwa kwa mamilioni na watu duniani kote hawakulitupa, kwa hiyo nakala ya 1978 ni rahisi kuipata tena. Sani ya miaka ya 1980, iliyosomwa na mtaa mzima mpaka ikachakaa na kufungia vitumbua, ni adimu kuliko hiyo. Na Komkya iliyokunjwa mara nne tranka ndiyo mali hasa. Mpangilio wa kabati ulikuwa umepindua thamani: cha kawaida mbele, cha adimu gizani. Bahati ni kwamba giza na bati ndivyo vilivyoiokoa.

Kabati lilivyokuwa

Fundi seremala alilichonga kwa msonobari, mgongo wa MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) ya milimita 3, milango miwili ya kioo inayoteleza. Urefu sentimita 180, upana 120, kina 30. Rafu tano za chipubodi ya milimita 18, kila moja ikitanda sentimita 118 bila nguzo katikati. Vanishi ilipakwa mikono miwili, ndani na nje, na kabati likajazwa siku tatu baadaye, katikati ya Aprili.

Liliegemezwa ukuta wa mashariki wa sebule, mgongo ukiugusa ukuta moja kwa moja. Upande wa pili wa ukuta huo ni bafu. Ng'ambo ya sebule, likitazamana na kabati, kuna dirisha kubwa la magharibi.

Fundi hakukosea kazi. Viungo vilikuwa imara na vioo viliteleza vizuri. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia fundi kwamba hili si kabati la vyombo.

Uharibifu ulivyosambaa

Rafu mbili za chini, zilizobeba National Geographic zote, zilikuwa na nakala 93 zenye kuvu: madoa meupe ya unga kwenye migongo, na ya kijani-kijivu kwenye kingo za chini. Kati ya hizo, 21 zilikuwa na kurasa zilizogandana, na 9 kati ya hizo 21 zilikuwa zimegeuka tofali kabisa. Rafu ya katikati ilikuwa na unyevu bila kuvu. Rafu ya juu ilikuwa kavu, lakini majalada sita ya Drum yaliyosimamishwa kuangalia kioo yalikuwa yamepauka na kuwa ya samawati.

Rafu ya pili kutoka chini ilikuwa imeinama milimita 22 katikati. Mifuko ya plastiki iliyovalishwa Nchi Yetu ilikuwa imenata kwenye majalada, na ilipovuliwa iliondoka na wino.

Stoo nako: maboksi saba. Sita juu ya kitanda, makavu. La saba lilikuwa sakafuni kwa kukosa nafasi, na mchwa walikuwa wameingia kupitia ufa wa saruji na kula nakala 26 kutoka chini kwenda juu. Nje boksi lilionekana zima.

Chanzo cha kwanza: maji yalitoka wapi

Kabla ya kusafisha chochote, ukuta ulipimwa. Njia ni rahisi. Kata nailoni angavu ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasiwe na upenyo, iache saa 24. Matone yakijitokeza upande wa ndani wa nailoni, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakijitokeza upande wa nje, ni hewa ya chumba inayoganda kwenye ubaridi. Ukuta wa bafu ulitoa matone upande wa ndani, kiasi cha kuloanisha kidole. Ukuta wa kusini, unaotenga sebule na chumba cha kulala, haukutoa kitu.

Lakini ukuta peke yake hautoshi kueleza kuvu iliyokuja kwa kasi ile. Karatasi nayo ilikuja na maji yake. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kuutema, siku zote. Ya jarida lenye mng'ao hubeba maji kiasi cha asilimia 4 au 5 ya uzito wake hewa ikiwa ya wastani, na huongeza asilimia mbili au tatu hivi hewa ikiwa nzito kama ya Aprili. Majarida yale 358 yalikuwa na uzito wa takribani kilo 100. Maana yake ni kwamba Mwalimu aliingiza kabatini lita mbili hadi tatu za maji ya ziada bila kumwaga tone, kisha akafunga kioo.

Jua la alasiri likamaliza kazi. Kuanzia saa tisa na nusu miale ya dirisha la magharibi ilipiga vioo vya kabati. Ndani kukapata joto, karatasi ikatema maji, hewa ya kabati ikajaa mvuke. Usiku kioo na mgongo wa MDF vikapoa, mvuke ukaganda na kutiririka chini. Chini ndiko ziliko National Geographic, tena zimebanwa. Mzunguko huo ukijirudia wiki tano, kuvu haihitaji mwaliko. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa mfululizo, mbegu zake ambazo ziko kila mahali huamka.

Kwa nini kurasa ziligandana na si kulowa tu? Karatasi ya mng'ao hupakwa udongo mweupe laini na gundi kidogo, ndipo picha hutoka kali. Ikilowa, gundi ile hulainika. Ikikauka huku ukurasa umeugusa mwenziwe, kurasa mbili zinakuwa moja. Karatasi duni ya Sani haina mpako huo. Ikilowa hujikunja, huchafuka, lakini hufunguka. Ndiyo maana National Geographic, iliyo bora kwa uchapaji, ni dhaifu zaidi mbele ya maji.

Stoo ilinusurika kwa sababu tatu zisizo na ufundi wowote: hewa ilipita chini ya kitanda, maboksi yalikuwa mbali na ukuta, na boksi la karatasi linapumua.

Chanzo cha pili: mzigo

Watu hukisia vibaya uzito wa majarida. Toleo kumi za National Geographic kwenye mzani wa jikoni zilifika kilo 3.7. Rafu ya sentimita 118 ikijaa huchukua nakala 135 hivi, yaani karibu kilo 50, mfuko mzima wa saruji. Chipubodi ya milimita 18 haiwezi urefu huo. Na kulegea hakuongezeki sawasawa na urefu. Kwa mzigo uliotandazwa, ukiongeza urefu mara mbili kulegea huongezeka mara 16. Nguzo moja ya katikati inatibu kuliko kununua mbao nene.

Rafu ikiinama, vichwa vya majarida huinamiana kuelekea katikati na kubanana juu, huku migongo ikipinda chini. Majarida ya mgongo wa gundi, na National Geographic ni mojawapo, hupasuka pale pale kwenye mpindo. Mgeni wa Mwalimu alishindwa kuona ramani kwa kuvu na kwa mbano pia.

Chanzo cha tatu: plastiki na jua

Mifuko ya Nchi Yetu ilinunuliwa steshenari, ile ya faili, laini na yenye harufu ya koti jipya la mvua. Harufu hiyo ndiyo dalili. Ni PVC, ambayo hulainishwa kwa mafuta maalumu. Mafuta hayo huhama polepole, hulainisha wino, na kwenye joto plastiki hunata. Inayofaa ni polipropilini au polithini. Kuzitofautisha: kata kipande kidogo cha mfuko, kisukume chini ndani ya glasi ya maji yenye tone la sabuni. Polipropilini na polithini hupanda juu, PVC huzama. Poliesta nayo huzama ingawa ni salama, hivyo kwa kinachozama fanya jaribio la pili. Pasha waya wa shaba kwenye moto mpaka uwe mwekundu, uguse plastiki, urudishe motoni. Mwali wa kijani ni PVC. Jaribio hilo hufanyiwa nje, ukisimama upande upepo unakotoka, maana moshi wake ni mbaya kwa mapafu.

Kuhusu kupauka: wino wa njano na wa waridi hufa mapema kwenye mwanga, wa samawati hubaki. Angalia mabango ya mitindo ya nywele kwenye dirisha la saluni yoyote ya Moshi inayopigwa na jua, wote wana nyuso za samawati. Majalada ya Drum yalikuwa njiani kufika huko, na rangi iliyokwenda hairudi.

Ukarabati wa karatasi

Jambo la kwanza lilikuwa kuzuia mikono. Mtu akiona kuvu hushika kitambaa kibichi, na hapo huisugua iingie ndani. Kuvu mbichi hupaka, kuvu kavu hupukutika. Kwa hiyo kukausha kwanza.

Nakala 93 zilihamishiwa baraza ya nyuma, kivulini, zikasimamishwa wima juu ya meza iliyotandikwa karatasi nyeupe, kila moja imefunguliwa kidogo kama feni ya mkono. Feni ya umeme ilielekezwa ukutani ili hewa irudi taratibu. Ikielekezwa kwenye kurasa huzipiga na kutawanya kuvu. Jua la moja kwa moja halikutumika. Linakausha haraka upande mmoja, jalada linajikunja, na wino unaumia. Siku nne zilitosha kwa nyingi.

Kisha kupiga brashi: barakoa ya N95, glavu, na brashi mpya ya rangi ya inchi 2 yenye nywele laini. Mpigaji anasimama upande upepo unakotoka, anafagia kutoka mgongoni kwenda nje, ukurasa kwa ukurasa pale penye madoa. Mwenye pumu akae mbali na kazi hii, na si suala la ushujaa. Majalada magumu yenye mng'ao yalifutwa kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, baada ya kujaribu kona ndogo ya ndani. Baadhi ya wino huachia. Kwenye Drum mbili uliachia, zikaachwa na madoa yake. Jik haigusi karatasi kabisa.

Kati ya zile 21 zilizogandana, 12 zilikuwa bado na unyevu kidogo, na hapo ndipo penye nafasi finyu ya kuokoa. Karatasi ya kuokea keki huingizwa kati ya kurasa mbili pale zinapoachia zenyewe, kisha zinazofuata, bila kuvuta. Zikikauka zikiwa na karatasi hiyo katikati haziwezi kushikana tena. Nakala hizo 12 zilifunguka karibu kikamilifu. Zile 9 zilizokwisha kukauka kama tofali hazina dawa. Kuzichemshia mvuke kunazidisha. Kabla ya kutupwa ziling'olewa ramani za nyongeza, maana ramani hukunjwa peke yake kwa karatasi tofauti na mara nyingi hupona. Oktoba 1967 ilikuwa miongoni mwa hizo 9. Ramani ya Bahari ya Hindi, iliyochorwa na Heinrich Berann kwa kazi ya Marie Tharp na Bruce Heezen, ilitoka nzima, ikiwa na doa la kahawia kona moja.

Kwa wadudu, kila kilichotoka stoo kilipitia friza. Utaratibu: funga majarida ndani ya mfuko mzito wa plastiki, toa hewa, funga kwa tepu, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili. Yakitoka, yasifunguliwe kwa saa 24, vinginevyo mvuke wa chumba utaganda juu ya karatasi baridi na utakuwa umerudi ulikotoka. Umeme ukikatika usiku kucha na friza ikapanda juu ya sifuri, siku zinahesabiwa upya. Friza ya Mama ilikuwa na nyama ya sikukuu, mazungumzo yakawa marefu.

Naftalini haikutumika. Inafukuza wadudu kwa muda, lakini mvuke wake haufai kupumuliwa sebuleni, na kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, unaweza kuzivunja chembe hizo. Nyumba yenye wajukuu haina sababu ya kuiweka. Mkaa na mchele navyo vilipendekezwa na majirani. Mkaa unasaidia harufu. Kuhusu unyevu, rejea hesabu: kilo 100 za karatasi zinashikilia lita kadhaa za maji, na nusu kilo ya silika jeli nzuri (punje za kunyonya unyevu), seuze mkaa, inachukua gramu mia na kitu. Mapambano hayalingani.

Pini zenye kutu kwenye Drum na Sani zilifunguliwa kutoka ndani kwa kisu butu chembamba, zikanyooshwa na kutolewa nyuma, kisha jarida likashonwa kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale. Ni dakika kumi kwa nakala. Zisizo na kutu ziliachwa, hakuna sababu ya kufungua kilicho kizima.

Kupunguza

Hapa ndipo kazi ilipokwama kwa siku kadhaa. Mwalimu alishikilia kwamba hakuna kitu kinachotoka. Mwanawe alihesabu mbele yake: "Baba, hii ya Machi 1984 ipo mara tatu. Utazisoma zote tatu?" Jibu lilikuwa kwamba moja ni yake, moja ya marehemu kaka yake, na ya tatu ilikuja na kitanda. Ikakubaliwa ya marehemu ibaki hata kama imechakaa kuliko zingine, na tunaona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mkusanyiko wa nyumbani si maktaba ya mkoa.

Kanuni iliyofanya kazi ilikuwa nakala moja bora ya kila toleo, ya pili kwa sababu inayoweza kutajwa tu. Nakala 88 zilitoka kwa njia hiyo, nyingi Reader's Digest na Fema. Hazikutupwa. Sehemu ilikwenda meza ya sebule kwa ajili ya wageni kufunua wapendavyo, na boksi moja likawa la wajukuu kukata picha za kazi za shule. Boksi hilo dogo limelinda mkusanyiko kuliko kufuli. Mtoto aliyeambiwa alete picha tano za wanyama kesho asubuhi atakata kitu, la msingi ni kumtangulia. Zilizobaki, baada ya kutoa za mchwa na zile tofali, ni 489.

Kabati kwa mara ya pili

Lilifutwa ndani kwa Jik, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, likaachwa wazi majuma matatu. Muda huo ulihitajika pia kwa vanishi na chipubodi zimalize kutoa hewa yao, jambo lililoharakishwa mara ya kwanza.

Likahamia ukuta wa kusini, mwisho wa magharibi, ubavu kwa ubavu na ukuta wenye dirisha. Nafasi hii ina hesabu yake. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini ya ikweta. Juni jua huzama kaskazini ya magharibi, hivyo miale ya dirisha lile huingia ikielekea kusini-mashariki na kupiga mwisho wa mbali wa ukuta wa kusini. Desemba hugeukia kaskazini. Pembe iliyo karibu na dirisha lenyewe haiguswi mwaka mzima.

Fundi aliongeza nguzo katikati ya kila rafu, akaweka miguu ya sentimita 10, na vipande vya mbao nyuma vinavyolazimisha nafasi ya sentimita 5 kutoka ukutani. Mgongo wa MDF ulitobolewa matundu ya milimita 35, sita chini na sita juu, yakafunikwa kwa wavu wa madirisha ili mende wasione mlango. Mlango wa kioo ulipunguzwa sentimita 1 kwa juu. Hewa inaingia chini, inatoka juu.

Majarida ya mgongo wa gundi yalisimamishwa wima, yakibana kiasi cha kidole kuingia bila kusukuma. Ya pini, Sani na Drum, hayasimami. Yalilazwa katika mafungu yasiyozidi sentimita 15, na karatasi nyeupe ya A4 kati ya moja na nyingine, kwa kuwa karatasi ya rimu ya sasa kwa kawaida haina asidi kama ya zamani. Sani itaendelea kuwa ya njano hata hivyo. Mti uliosagwa ndani yake unajila wenyewe, na giza na ubaridi vinachelewesha tu.

Kipima unyevu kidogo cha betri kilikaa rafu ya chini kabisa. Kikizidi 60, milango hufunguliwa saa sita mchana siku isiyo na mvua, na hufungwa kabla ya magharibi. Siku ya mvua hufungwa.

Ukutani

Mwalimu alitaka majalada 12 yaonekane. Yanaonekana, ila ni nakala za picha. Simu ya megapikseli 12 inatosha: A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 2480 kwa 3508, chini ya megapikseli 9. Jalada lililazwa barazani kivulini, simu ikashikwa sambamba juu yake, na kitambaa cheusi kikatandazwa nyuma ya mpigaji ili mng'ao usirudishe anga. Steshenari ilichapa kwenye karatasi ya picha. Nakala hizo zinaweza hata kupigwa lamineti. Jarida halisi kamwe, kwa kuwa gundi yake ya moto haitoki tena.

Reli tatu za ubao wa inchi 1 kwa 2 zenye ukingo wa sentimita 2 zilipigwa skrubu ukuta wa kaskazini. Nakala zinasimama tu, hazibandikwi, na mpangilio hubadilishwa wageni wakizoea.

Mambo Leo na Komkya hazikuingia kabatini. Zilifunguliwa mikunjo, zikalazwa kati ya karatasi nyeupe na mbao mbili nyembamba, kila moja katika bahasha yake, zikarudi tranka, na tranka likapanda juu ya matofali chumbani, mbali na sakafu.

Orodha iko kwenye kaunta buku: jina, mwezi na mwaka, hali kwa herufi moja, mahali, na kama ramani ipo. Namba huandikwa kwa penseli ya 2B ukurasa wa kwanza wa ndani. Pale karatasi ya mng'ao inapokataa penseli, huandikwa kwenye kipande cha A4 kinachochungulia juu. Ukurasa wa mwisho una matoleo 31 yanayokosekana ya National Geographic kati ya 1970 na 1985, na mwanawe ameupiga picha kwenye simu kwa ajili ya wauza vitabu vya mitumba wa Moshi na Arusha. Masharti ni mawili: ramani iwemo, na jarida linuswe kabla ya kulipiwa.